Chuo cha Ivyne

Quincy alimpa Shem kalamu kabla ya kumpa kiti.

"Saini hapa, mzee, na hapa chini tena," alisema, akigonga fomu kwa ukucha. "Mbili tu. Halafu tumpige binti yako picha tuiweke mtandaoni, watu wajue amefika kwao."

Shem aliipokea kalamu, akaitazama, kisha akailaza juu ya meza. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, hana nyingine, na viatu alivyovisugua asubuhi mpaka vikang'aa. Nyuma yake binti yake Ivyne, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama akikodolea macho picha za ukutani: waigizaji wa televisheni, watangazaji, wachekeshaji, wote wakitabasamu chini ya maandishi ya dhahabu yaliyosema Zumaridi Akademi ya Sanaa. Chuo hicho kilikuwa ghorofa ya saba ya jumba moja katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu, na huyu Quincy, kijana wa koti lililombana mabegani, ndiye aliyeandikisha wanafunzi wapya.

"Nina maswali kidogo," Shem alisema.

"Uliza tu, mzee wangu. Hapa uko nyumbani."

"Jukwaa liko wapi?"

Quincy alicheka kwa adabu. Akawapeleka chumba cha pili. Palikuwa na kitambaa cha kijani ukutani, taa ya duara juu ya mguu wa chuma, na simu mbili zilizobanwa kwenye vishikio. Wasichana watatu walikuwa wakijipaka poda wakitazama simu hizo.

"Hii ndiyo studio yetu."

"Nimeiona. Na jukwaa?"

"Mzee, jukwaa la siku hizi ni simu. Msanii anajirekodi, anarusha, anajulikana. Hayo mambo ya kusimama mbele ya watu na kupiga kelele ni ya zamani."

"Lakini kwenye karatasi yenu mmeandika diploma ya uigizaji wa jukwaani."

"Iko ndani, usijali. Tutafika huko."

"Basi naweza kuja siku moja nikae nyuma, nione mnavyofundisha?"

"Wazazi hawaingii darasani. Ndiyo sheria ya chuo." Quincy akamgeukia Ivyne, na tangu hapo hakumtazama Shem tena. "Siste, zimebaki nafasi mbili. Ni elfu kumi na tano ya kushikilia nafasi, na hairudishwi. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Ikikupita, ungoje mwakani. Mweleweshe mzee."

Ivyne aliitikia kwa kichwa huku akiangalia sakafu. Walishuka, wakatoka nje, mahali ambapo wapita njia walikuwa wakiwapigapiga vikumbo.

"Baba, kwani lazima uulize maswali kama polisi?"

"Ng'ombe akiletwa kwetu kichinjioni anakaguliwa akiwa hai, halafu anakaguliwa tena akishachinjwa. Mimi nimeuliza maswali mawili tu."

"Chuo si ng'ombe!"

Mwanamke mmoja aliyebeba mboga aligeuka kuwatazama. Ivyne akaongeza mwendo, akamwacha babake nyuma hatua kumi, na Shem akamfuata hivyo hivyo hadi mwisho wa barabara, kama mtu anayemfuata asiyemjua.

* * *

Shem alifanya kazi katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, kazi ya kupasua ng'ombe katikati kwa msumeno wa umeme, na miaka kumi na mmoja ya kelele ile ilikuwa imemla sikio la kushoto. Nyumbani walijua kukaa kulia kwake. Jioni ile Ivyne alikaa kushoto, kwa makusudi.

"Aliuliza jukwaa mara mbili nzima," alimshtakia mamake. "Na watu wakisikia. Yule jamaa alinionea huruma."

Milcah alikuwa ndiyo kwanza avue viatu. Alitoka Upper Hill, alikosugua sakafu za jumba la ofisi, ghorofa ya nne na ya tano, na nyayo zilikuwa zikimwaka. "Baba Ivyne," alisema, "huyu mtoto amekaa nyumbani mwaka mzima. Jumapili Mama Dalmas aliniuliza kanisani anasomea nini. Nilijifanya nimeitwa na mtu."

"Ungemwambia anataka kuwa mwigizaji."

"Nimwambie, halafu aniulize kama kuna watu wanaolipa karo ili wafundishwe kusema uongo? Si ndivyo alivyosema mwaka jana?"

Shem alikoroga chai yake. Yeye hakuwa na ugomvi na uigizaji. Alimwona Ivyne mara moja, kwenye tamasha la shule za upili, akicheza chifu mla rushwa, na watu mia tatu wakakaa kimya wakimngoja amalize sentensi. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwuliza mtoto kwa nini asisomee hoteli au useremala. Lakini zamu ya kupokea michango ya chama cha akina mama ilikuwa imemfikia Milcah mwezi huo, na wote watatu walijua kwamba zamu nyingine haingekuja mpaka mwaka upite. Wakikosea mlango, wamekosea.

"Sikatai asome," alisema. "Nakataa kununua kitu ambacho muuzaji hataki nikione."

"Na ni wapi kwingine watanichukua?" Ivyne sasa alikuwa analia. "Vyuo vikubwa vinataka alama ambazo sikupata. Wewe unadhani niko na chaguo kama watoto wa matajiri wa Karen?"

Sufuria ilichemka jikoni, Milcah akaenda kuiepua, akarudi akiwa amefikia uamuzi.

"Kuna mama mmoja ghorofa ya nne. Nilimsikia kwa simu akisema mtoto wa dadake anaigiza ukumbini. Kesho nitamwuliza."

"Utamwulizaje bosi wa ofisini?"

"Kwa mdomo," Milcah alisema.

Na alimwuliza. Yule mama alimsimamisha na ndoo na fagio lake mlangoni robo saa nzima huku akimaliza simu, wenye suti wakipita na kumtaka asogee huku, asogee kule. Lakini alipokata simu alimkaribisha, akamsikiliza, akamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi. Peres. Woodley. Ukumbi wa zamani nyuma ya kanisa. Chini akaongeza: Mwambie Shem akaangalie darasa.

"Amenijua vipi?" Shem aliuliza.

"Nilimweleza una kichwa kigumu."

* * *

Ukumbi wa Woodley haukuwa na maandishi ya dhahabu. Ulikuwa na mlango wa mbao uliopauka, mabenchi ya kanisani, na mbele kabisa jukwaa la mbao lenye viraka, limekwanguka kwa miguu ya watu. Peres mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye mvi za kukatwa fupi na raba za bei rahisi. Hakuwapa fomu.

"Karibuni. Mnataka kuona au mnataka kuongea?"

"Kuona," Shem alisema haraka.

"Basi kaeni nyuma. Tutaongea nikimaliza."

Walikaa benchi la mwisho. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamelala chali sakafuni, wakivuta pumzi na kuitoa. Dakika ishirini. Ivyne akatazama saa ya simu yake, akamtazama babake kama anayesema, hiki ndicho ulichokuwa ukitafuta? Hata Shem alianza kujiuliza ni mzazi gani atatoa pesa mtoto akafundishwe kupumua.

Kisha Peres alimwita kijana mmoja mfupi, mwembamba, akamwambia apande jukwaani aombe msamaha kwa mkewe. Kijana hakupaza sauti. Alisema polepole, chini chini, kama mtu asiyetaka majirani wasikie: "Mama Toto, nimeuza kitanda." Na Shem, kwenye benchi la mwisho, na sikio lake moja, alisikia kila herufi. Aliinuka nusu kabla hajajua anainuka. Nyumbani watu wake humwambia jambo mara tatu. Kichinjioni huzungumza kwa mikono. Huyu mtoto wa watu alikuwa amenong'ona kutoka upande wa pili wa jumba, na neno likafika.

"Umesikia?" alimwuliza Ivyne.

"Nimesikia, Baba. Kaa chini."

Darasa lilipoisha Peres alimwita Ivyne. "Panda. Nionyeshe kitu chochote."

Ivyne alikuwa amejitayarisha. Alicheza mama aliyefiwa na mtoto hospitalini: akapiga magoti, akashika kichwa, akapiga ukemi, machozi yakamtoka ya kweli. Shem alitaka kupiga makofi. Peres aliinua mkono.

"Huyo mama umemtoa wapi?"

"Nimejitungia."

"Umemtoa kwenye televisheni. Na yule wa televisheni alimtoa kwenye televisheni nyingine." Alisema bila ukali, kama daktari. "Machozi unayo, mwili unao, sauti inafundishika. Lakini huyo mtu hayupo. Njoo Ijumaa saa tatu asubuhi. Nina nafasi nane, na watakuja ishirini na sita. Niletee mtu unayemjua. Dakika tatu."

"Ijumaa hiyo hiyo saa sita kuna chuo kingine kinafunga," Shem alisema. "Kule mjini."

"Mimi sisemi chuo cha mwenzangu. Ila popote mtakapokwenda, ulizeni waliomaliza hapo wako wapi. Hata mimi niulizeni."

"Wako wapi?"

Peres aliwapeleka kwenye ukuta wa kando. Palikuwa na karatasi ndefu yenye majina, mwaka, na mbele ya kila jina kazi. Huyu yuko na kikundi kinachozunguka mashuleni. Huyu anaigiza mjini. Huyu anafundisha Kisumu. Kidole cha Peres kilishuka, kikasimama. "Huyu anauza bima. Na huyu sijui aliko, hapokei simu. Karo yetu nayo mtaiona, si kidogo kwa mtu wa mshahara, ila inalipwa kila mwezi. Nimewaambia yote."

Nje, kando ya ukuta wa kanisa, Ivyne alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Amenidharau, Baba. Dakika mbili tu, akanikata."

Wakatembea. Walipofika Ngong Road Ivyne alisimama, akatoa simu, akaiweka sauti ya nje na kuisogeza upande wa kulia wa babake.

"Niaje Quincy, ni Ivyne. Wale watu wako kwa picha za ukuta, wangapi walisomea hapo?"

"Ah, hao ni marafiki wa chuo, siste. Walikuja siku ya kufungua."

"Sawa. Na wale walisoma hapo wakamaliza, wako wapi saa hii?"

"Siste, kwani wewe umekuwa polisi?"

Ivyne alikata. Shem aligeukia upande wa pili, akajidai anasoma bango la duka la rangi, ili mtoto asimwone anavyocheka.

* * *

Nje ya lango la kichinjio kuna wanawake wanaouza matumbo kwa beseni, na miongoni mwao hakuna aliyekuwa na ulimi kama Kanyiva. Alhamisi asubuhi Ivyne alikwenda akakaa kando yake, amevaa gambuti kuukuu za babake, akimwoshea matumbo. Shem alipotoka kunywa chai ya saa nne, aliitwa.

"Baba Ivyne! Huyu mtoto umeniletea anisaidie ama anipige picha kwa macho?"

"Anajifunza, Kanyiva."

"Kuuza matumbo?"

"Kukujua wewe."

"Mimi bwana yangu mwenyewe alishindwa," Kanyiva alisema, na wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha kisu.

Ivyne hakucheka. "Mama Kanyiva, kesho nataka kukuigiza mbele ya watu. Kama unakataa, nitatafuta mwingine."

Kanyiva aliacha kukata. "Utanifanya mjinga?"

"Hapana."

"Utasema nanuka?"

"Nitasema ulivyo."

Kanyiva alimpima kwa macho, akachukua kisu chake tena. "Basi kaa vizuri. Usinitazame kama maiti."

Shem alikuwa bado hajamaliza chai gari jeupe liliposimama. Mwanamke mmoja mwenye miwani ya jua alishuka, pua ameifunika kwa kitambaa. Alitaka kilo mbili. Kanyiva akapima, akafunga. Yule mwanamke akasema afunge tena mara ya pili. Kanyiva akafunga. Akasema tena, mara ya tatu, kwa sababu gari ni jipya. Kanyiva, ambaye angeweza kumtukana mtu mpaka akasahau njia ya kwao, alifunga mara ya tatu, polepole, akakunja pembe za karatasi kama anayefunga zawadi. "Asante, mama. Karibu tena." Gari likaondoka. Ndipo alipouleta mkono wake karibu na pua, akaunusa kidogo, haraka, akaufuta kwenye aproni, akaendelea kuita wateja.

Shem aliona. Akatazama upande wa Ivyne, akaona naye ameona.

Jioni Milcah aliweka simu yake mezani. "Kesho saa sita yule kijana wa mjini anafunga. Tukituma pesa sasa, mtoto ana mahali hata Peres akimkataa. Mimi naogopa, semeni mnachotaka. Naogopa mwaka mwingine kama huu."

Shem alimtazama Ivyne.

"Usitume, Mama."

"Na ukikataliwa huko?"

"Nitakuwa nimekataliwa na mtu aliyenisikiliza."

Milcah akaichukua simu, akaizima kabisa, na kwenda kupakua ugali.

* * *

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mmoja alikuja na ngoma, mwingine na vazi la kifalme la kukodi, na wengi walisema maneno marefu ya Kiingereza waliyoyakariri. Ivyne alikuwa namba kumi na tisa. Shem alikaa nyuma, mzazi wa kiume pekee, simu ya binti yake mfukoni, suti yake ya kijivu ikimtoa jasho. Saa tano ikapita. Saa sita kasoro dakika mbili Peres akasema, "Kumi na tisa."

Ivyne alipanda mikono mitupu. Akachutama. Kwanza aliita wateja, na ukumbi ukacheka, kwa sababu ulimi ule ulikuwa wa Kanyiva mwenyewe: akimsifu mnunuzi, akimkashifu, akimbembeleza, yote katika pumzi moja. Shem alicheka kuliko wote. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwake. Aliitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa sita, akajua ni nani. Akaiacha itetemeke mpaka ikachoka.

Jukwaani, mtu asiyeonekana alikuwa ameshuka garini. Kicheko kilipungua. Ivyne alifunga kifurushi kisichokuwepo, mara moja. Akainua uso, akasikiliza, akafunga mara ya pili. Alipoambiwa mara ya tatu hakusema kitu. Ni shingo tu iliyoshuka kidogo, na vidole vikaendelea na kazi yao, kwa heshima, vikikunja pembe. "Asante, mama," alisema. "Karibu tena." Alisema chini chini kabisa. Halafu mkono ukapanda karibu na pua, ukashuka.

Shem aliutazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa juu ya goti. Kila jioni kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiuosha kwa sabuni ya unga na ndimu kabla ya kuingia nyumbani, na siku zote aliamini kwamba hakuna aliyewahi kumwona.

"Anaitwa nani huyo mama?" Peres aliuliza.

"Kanyiva."

"Anajua kuwa umemleta hapa?"

"Nilimwomba. Alinikubalia."

Peres alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. "Keti," alisema tu.

Saba waliobaki walicheza. Kisha Peres alisimama na karatasi na kusoma majina manane bila maneno ya utangulizi. La kwanza halikuwa la Ivyne, wala la pili, wala la tano. Shem aliinamisha kichwa, akaelekeza sikio lake zima mbele, akiogopa lisije likapita asilisikie. La sita lilikuwa la Ivyne. Ivyne alibaki ameketi. Msichana wa vazi la kifalme, ambaye hakutajwa, ndiye aliyemsukuma ainuke.

"Wewe mzee wa huko nyuma," Peres aliita. "Juzi uliniuliza swali. Leo nami nakuuliza. Tunamchukua huyu. Wewe unasemaje?"

Vichwa vyote viligeuka. Shem alisimama. Katika ofisi zote alizowahi kuingia, za shule, za hospitali, za chifu, watu walimtaka saini au walimtaka pesa. Hakukumbuka hata moja iliyowahi kutaka kusikia anasemaje. Alifunga kifungo cha koti.

"Nasema asanteni," alisema. Akaona haitoshi. "Na nasema mumfundishe kwelikweli. Msimwonee huruma kwa sababu ya sisi. Akikosea mkateni, kama mlivyomkata Jumatano. Hii kazi anaitaka, nami leo nimeiona kwa macho yangu kuwa ni kazi."

Kijana mfupi aliyeuza kitanda ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wengine wakafuata, hata wale waliokosa, na Ivyne akashuka jukwaani kwa kuruka, akakimbia katikati ya mabenchi mpaka kwa babake, akamkumbatia kwa nguvu hata kifungo kikachomoka.

* * *

"Mama bado amezima simu," Ivyne alisema walipotoka nje. "Twende tumwambie kazini."

"Kazini hawaruhusu wageni."

"Baba."

Wakaenda kwa miguu, kutoka Woodley kufuata Ngong Road mpaka Upper Hill, katikati ya jua la mchana, Ivyne akisema bila kupumzika na Shem akigeuza shingo kumsikia. Jumatatu saa mbili asubuhi. Nguo za kufanyia mazoezi. Mwezi wa nne kuna onyesho. Hawakuona umbali.

Walimkuta Milcah nje ya jumba la vioo, ametoka kwa chakula cha mchana, amekaa kwenye ukingo wa bustani na kikontena chake cha maharagwe, katika sare yake ya samawati. Wafanyakazi wa benki na watu wa ofisi walikuwa wakipita makundi kwa makundi, beji shingoni. Aliwaona wanakuja, akaweka kijiko chini. Alitazama uso wa mumewe kwanza, kisha wa bintiye.

"Wamenichukua, Mama," Ivyne alisema. "Kati ya ishirini na sita. Wanane tu, na mimi nimo."

Milcah alisimama, maharagwe yakamwagika. Akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele, kirefu, cha harusi ya kwao, kikagonga vioo vya jumba lile na kurudi. Watu wenye tai walisimama. Madirisha mawili yalifunguka. Kwenye moja la ghorofa ya nne, yule mama aliyemwandikia jina la Peres alichungulia na kuanza kucheka.

Mlinzi wa lango alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama, pole pole, hapa ni ofisini. Kwani kuna nini?"

"Binti yangu ameingia chuo cha uigizaji!" Milcah alisema, si kwa mlinzi tu bali kwa kila aliyesimama pale. "Uigizaji wa jukwaani!"

"Hongera, mama. Lakini punguza sauti."

Milcah alivuta pumzi, akapiga kigelegele cha pili.